Anayecheza Bure Analipiwa na Nani?

Mwaka 1985 Mmarekani aliyetaka kucheza Islands of Kesmai alihitaji kompyuta, modemu, laini ya simu na roho ngumu. Gemu hiyo ilikaa ndani ya CompuServe, kampuni iliyowauzia watu huduma za kompyuta kwa njia ya simu, na kila saa moja ya kuwa humo ilikuwa dola 6. Hiyo ni bei ya mwenye modemu ya kinyonga, ile ya baudi 300. Aliyekuwa na ya baudi 1,200 alitozwa dola 12. Picha hazikuwapo, mashimo, majoka na hazina vilichorwa kwa herufi na alama za kibodi. Seva ilipokea amri moja kila baada ya sekunde 10, kwa hiyo katika saa moja mtu aliweza kutoa amri 360. Piga hesabu mwenyewe: kila hatua senti moja na theluthi mbili. Ukienda kaskazini ukajigonga ukutani, umelipia kujigonga.

Na watu walilipa, usiku kucha, mwisho wa mwezi wakakunja uso mbele ya ankara.

Leo kijana wa Tandika au Kisauni mwenye simu iliyopasuka kioo anaingia kwenye gemu yenye milima, magari, sauti za wenzake na bunduki zinazomeremeta, na mlangoni hakuna anayemdai kitu. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba teknolojia ilishuka bei. Ilishuka, kweli. Lakini kushuka kwa bei ya mashine hakuelezi kwa nini mwenye gemu akubali kuwapa nafasi mamilioni ya watu wasiomlipa hata thumni. Mfanyabiashara gani huyo?

Mtu wa pwani hahitaji kwenda mbali kulitafuta jibu. Nenda kwenye taarabu ya harusini. Watu mia mbili wamekaa, hakuna aliyekata tiketi. Kisha ananyanyuka mama mmoja na noti zake mkononi, anakwenda mbele akiyumba na ngoma, anamtunza mwimbaji noti moja moja, taratibu, kila mtu aone, na hasa yule fulani aliyekaa safu ya tatu. Huyo ndiye anayewalipa wapiga vinanda. Sasa watoe wale mia mbili ukumbini, umwache mama na mwimbaji peke yao, uone kama atanyanyuka.

Wenye magemu walichukua zaidi ya miaka 20 kuligundua jambo ambalo wanataarabu walikuwa nalo siku zote.

Kabla ya dola 6 ilikuwapo bure ya namna nyingine. Mwaka 1978 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw, alianza kuandika gemu ya maneno matupu iliyoweza kuchezwa na watu wengi kwa pamoja. Mwenzake Richard Bartle aliipokea na kuikamilisha. Waliiita MUD. Ilikaa kwenye kompyuta kubwa ya chuo, na watu wa nje waliokuwa na modemu waliruhusiwa kuingia usiku wa manane, wakati mashine haina kazi ya maana. Ilikuwa bure ya kiporo: chakula kimeshapikwa, wenye nyumba wameshiba, aliye macho na ale.

Bartle amesimulia mara nyingi kwamba yeye na Trubshaw walichukizwa na matabaka ya Uingereza, ile nchi ambayo lafudhi yako inaamua kazi yako. Walitaka pawe na ulimwengu ambamo mtu hupanda kwa anayoyatenda. Ndani ya MUD mchezaji aliokota hazina na kwenda kuitupa kwenye kinamasi, na kwa kuitupa ndipo alipohesabiwa alama. Akifikisha alama 102,400 alikuwa mchawi, cheo cha juu kabisa cha kupatikana kwa alama. Mali haikumfaa kitu mpaka aiachie. Tutakapofika China, msomaji akikumbuke kinamasi hiki.

Mwaka 1987 MUD ilivuka bahari na kuwekwa CompuServe kwa jina la British Legends, na huko ikakutana na ile saa ya ukutani inayohesabu dola. Kwa biashara ya namna hiyo, mteja bora ni asiyelala. Kadiri joka linavyochelewa kufa ndivyo mapato yanavyoongezeka, na hakuna haja ya kuharakisha jambo lolote. Mwaka 1991 kampuni ya America Online ilifungua Neverwinter Nights, mojawapo ya magemu ya kwanza ya aina hii kuwa na picha, nayo mwanzoni ilikuwa dola 6 kwa saa. Seva ilimudu watu wachache tu kwa wakati mmoja, wengine wakawa wanapanga foleni nje. Foleni ya kwenda kutozwa kwa dakika!

Sisi tuliojifunza intaneti kwenye kafe za Kariakoo tunaijua hali hiyo. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na kisaa kinachorudi nyuma, na mtu alisoma barua pepe huku jicho moja likiwa pale. Dakika tano za mwisho ulikuwa huandiki tena, unahesabu. Kucheza katika hali hiyo kunahitaji ama ujinga wa ujana ama pesa ya baba.

Desemba 1996 America Online ilifuta kisaa. Dola 19.95 kwa mwezi, kaa utakavyo. Laini zilijaa hadi watu wakashindwa kuunganishwa, kampuni ikashitakiwa na wateja wake, na katika usiku mmoja yule mchezaji asiyelala akageuka kutoka mteja bora kuwa mzigo. Neverwinter Nights ilifungwa Julai 1997.

Ada ya mwezi ina tabia zake. Anayeuza kwa saa anakutaka ukae. Anayeuza kwa mwezi angependa ulipe kisha ukalale. Wenye vyumba vya mazoezi ya viungo wanalielewa hili vizuri. Meridian 59 ilianza kutoza kwa mwezi Septemba 1996, na mwaka mmoja baadaye ikaja Ultima Online kwa dola 9.95. Kabla haijatoka, kampuni ya Origin ilikuwa imetangaza kwamba anayetaka kuijaribu ikiwa bado mbichi alipe dola 5 za diski. Watu wapatao 50,000 walilipa ili wapewe gemu yenye kasoro. Baada ya kufunguliwa rasmi, mwaka haukuisha kabla waliojisajili hawajapita 100,000. EverQuest ilifuata Machi 1999 na kuwazidi. Wachezaji wenyewe waliibadilisha jina ifanane na dawa za kulevya.

Mfumo huo ulikuwa na haki yake. Bei moja kwa wote. Daktari na kuli wakilipa zile zile dola kumi kasoro, upanga alionao daktari ameupigania kama kuli alivyopigania wake. Angalau mlango wa mbele. Mlango wa uani ulikuwa wazi: kwenye mnada wa eBay watu waliuziana dhahabu ya gemu, majumba ya gemu, hata mchezaji mzima aliyekwisha kulelewa akawa mkubwa. Mwaka 2001 mwanauchumi Edward Castronova aliketi na bei hizo, akakokotoa kwamba anayecheza EverQuest anazalisha mali yenye thamani ya dola 3.42 kwa saa, na kwamba Norrath, nchi ya kubuni iliyomo ndani ya gemu, ina pato la kila mtu linaloiweka kati ya Urusi na Bulgaria. Wengi walicheka. Lakini jambo lilikuwa limekwisha onekana: ndani ya gemu moja kuna wenye muda wasio na pesa na wenye pesa wasio na muda, nao wanatafutana gizani. Baadhi ya kampuni zilipiga marufuku. Asia waliwasha taa.

Korea Kusini ya miaka hiyo ilijaa PC bang, kafe za kompyuta zilizofumka kila mtaa baada ya uchumi kuyumba mwaka 1997. Kijana alilipa kwa saa kwa mwenye kafe, mwenye kafe akalipa kampuni ya gemu. Humo ndimo gemu ya Lineage ilimokuwa kubwa. Kampuni ya Nexon, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilikuwa na gemu nyepesi ya maswali na majibu iitwayo QuizQuiz, iliyotoka mwaka 1999. Walipoweka ada, watu waliondoka. Inaeleweka, nani alipie mwezi mzima ili aulizwe mji mkuu wa Peru? Mwaka 2001 Nexon iliondoa ada na kuanza kuuza nguo: kofia, nywele, mavazi ya kijana wako wa kwenye kioo. Vitu vya pesa ndogo, ambavyo kijana asiye na kadi ya benki aliweza kuvilipia kupitia bili ya simu. Vilinunuliwa. Mwaka 2003 ikaja MapleStory kwa utaratibu huo huo, na dunia ya magemu ikageuka bila Ulaya na Marekani kugutuka.

Hapa ndipo yule mama wa taarabu alipoingia kwenye kompyuta. Kofia ya QuizQuiz haikujibu swali hata moja. Ilinunuliwa ivaliwe mbele za watu, na watu hao walikuwapo kwa sababu mlango uliachwa wazi.

China ililichukua wazo hilo ikalivua nguo. Kampuni ya Shanda ya Chen Tianqiao ilitajirika kwa Legend of Mir 2, gemu ya Kikorea, kwa kuuza muda wa kucheza kwa njia ya kadi zilizopatikana kwenye kafe za kompyuta. Mtu wa kwetu aliyewahi kukwangua vocha kwa ukucha hahitaji kuelezwa. Chen akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi. Kisha mwishoni mwa 2005 alitangaza kwamba Legend itakuwa bure, atauza vifaa vya ndani tu. Wenye hisa waliogopa.

Aliyesoma somo hilo hadi mwisho ni Shi Yuzhu. Huyu alikwisha kuwa tajiri, akafilisika kwa kujenga mnara ambao haukumalizika huko Zhuhai, akatajirika tena kwa kuuza dawa ya kuimarisha afya iliyotangazwa kwenye televisheni mpaka watu wakaichukia na kuendelea kuinunua. Alikuwa mcheza Legend, na alitumia pesa nyingi humo. Anapoitazama gemu, anatazama kwa jicho la mteja mwenye fedha: anajua kinachomuuma. Mwaka 2006 alitoa ZT Online, bure. Ndani yake kila kitu kilinunulika: silaha, nguvu, masanduku ya hazina ambayo hujui yana nini hadi ulipe na kuyafungua. Tajiri aliweza kuwafyeka maskini kwa makumi. Swali ni kwa nini maskini wakae wafyekwe, na Shi alilijibu kwa namna ambayo sijaona mwingine akiijibu waziwazi hivyo. Aliwalipa mshahara. Mchezaji aliyetimiza saa kadhaa kwa mwezi alipewa posho kwa sarafu ya gemu. Ukumbi usiwe mtupu.

Kwa mwaka mmoja ZT Online ilifikisha watu milioni moja walio ndani kwa wakati mmoja, na Novemba 2007 kampuni yake, Giant Interactive, iliuza hisa kwenye soko la New York na kukusanya zaidi ya dola milioni 800. Kule Essex hazina ilitupwa kinamasini ndipo mtu apande cheo. Hapa cheo kilinunuliwa kaunta, na anayekanyagwa akapewa nauli ya kuja kukanyagwa.

Nisieleweke kwamba njia zilikuwa mbili tu. Iliyonivutia mimi kuliko zote ni ya tatu, na ilianzia nyumbani kwa wazazi. Andrew Gower alikuwa mwanafunzi wa Cambridge alipotengeneza RuneScape akisaidiwa na ndugu zake, na akaifungua Januari 2001. Iliendeshwa ndani ya kivinjari cha kawaida, kwa hiyo haikuhitaji diski wala kompyuta ya maana. Watoto waliicheza kwenye kompyuta za shule mwalimu akigeuka. Matangazo ndiyo yangeilipia. Lakini mwaka huo kampuni za intaneti zilikuwa zinaanguka kama maembe ya mwezi wa kumi na mbili, na watangazaji wakaadimika.

Februari 2002 akina Gower waliweka uanachama: pauni 3.50 kwa mwezi, kama dola 5. Hawakumfukuza wa bure. Walijenga ua. Magharibi ya mji wa Falador, ndani ya gemu yenyewe, kulikuwa na geti. Mwanachama alipita, asiye mwanachama aliambiwa huku si kwako. Upande wa pili kulikuwa na miji mingine, kazi nyingine, majoka makubwa zaidi. Upande huu kulikuwa na dunia ya kutosha kumchosha mtoto kwa miaka. Mtoto wa bure aliweza kusimama getini akawatazama wanachama wakiingia na kutoka na mavazi yasiyopatikana kwake. Kama umewahi kusimama nje ya uzio wa uwanja wa mpira ukisikiliza kelele za goli, unajua geti lile lilifanya kazi gani. Kufikia mwaka 2007 wanachama wanaolipa walipita milioni moja.

Kwa Krismasi ya 2001, kabla ya geti kuwapo, RuneScape iligawa fashifashi zenye kofia za karatasi ndani yake. Bure, kwa yeyote. Wengine walizitupa. Hazikutolewa tena, na kofia zile zikawa vitu vya thamani kuliko karibu vyote katika gemu, zikinunuliwa kwa mabilioni ya sarafu. Hazimkingi mtu na pigo lolote.

Pesa, hata hivyo, iliukwea ule ua. Wafanyabiashara wa dhahabu walifungua akaunti za uanachama kwa kadi za benki za wizi, wakachimba, wakauza. Kuanzia Desemba 2007 Jagex, kampuni ya RuneScape, iliziba: ikakataza watu kupeana mali kwa thamani zisizolingana, na wachezaji waaminifu wakaandamana ndani ya gemu kwa sababu sasa mtu hakuweza hata kumpa rafiki zawadi. Biashara huria ilirudishwa Februari 2011 baada ya kupigiwa kura. Miaka miwili baadaye Jagex ilikubali yaishe, ikatoa hati za kuuza: mwenye pesa anainunua kwa dola, anaiuza ndani ya gemu kwa dhahabu, na aliyeinunua kwa dhahabu anaigeuza kuwa muda wa uanachama. EVE Online ilikuwa imeshatangulia kwa utaratibu kama huo, na World of Warcraft ilifuata Aprili 2015. Wenye muda na wenye pesa, waliokuwa wakitafutana gizani, sasa wamekutanishwa mezani na mwenye nyumba anayekula ushuru.

Wakati sarafu ya Venezuela ilipoporomoka, watu wa huko waliingia Old School RuneScape, toleo la RuneScape la mtindo wa zamani, kwa wingi wakaua majoka ya kijani kuanzia asubuhi hadi usiku, wakauza dhahabu kwa dola chache za siku. Ni pesa haba, ila ilikuwa dola. Uanachama waliulipia kwa dhahabu ile ile waliyoichimba. Sijui tuwaite wanaolipa au wa bure.

Marekani, kwa upande wake, ilikuwa imelewa ushindi wa World of Warcraft. Ilianza Novemba 2004 kwa dola 14.99 kwa mwezi, na Oktoba 2010 ilitangaza wateja milioni 12, ingawa Wachina waliokuwamo walinunua muda kwa kadi za saa. Bei hiyo ya Marekani haikusogea hata gemu ilipotimiza miaka 20, jambo ambalo mnunuzi wa unga na sukari anaweza kulisikia kwa wivu. Kila kampuni ilitaka kuiga. Dungeons & Dragons Online ya Turbine ilishindwa kushika watu, ikaondoa ada Septemba 2009, kisha kampuni ikatangaza kwamba mapato yamepanda kwa asilimia 500. Star Wars: The Old Republic, iliyojengwa kwa fedha nyingi, ilianza na ada Desemba 2011, haikumaliza mwaka kabla haijafungua mlango. League of Legends haikuweka mlango kabisa tangu Oktoba 2009: iliuza mavazi, na yeyote angeweza kushinda bila kununua. Baada ya Fortnite kufungua uwanja wake wa vita Septemba 2017, mabishano yalikuwa yamekwisha.

Isipokuwa kwa mashine za kuchomeka kwenye televisheni. Huko geti lilizidi kuwa refu. Microsoft ilianzisha Xbox Live Novemba 2002 kwa takriban dola 50 kwa mwaka, na kwa miaka mingi mtu aliyenunua mashine, akanunua gemu, akalipia intaneti, alilipa tena ili aruhusiwe kucheza na mwenzake. PlayStation 3 iliachia bure; PlayStation 4 ya 2013 ikaanza kutoza. Januari 2021 Microsoft ilitangaza ongezeko kubwa la bei ya Xbox Live. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa kiasi kwamba iliufuta uamuzi siku hiyo hiyo, na ikaongeza kwamba magemu ya bure yasingehitaji tena usajili.

Kelele hizo hazikusikika kwenye mabanda ya gemu ya Temeke. Pale PlayStation iko juu ya meza, pedi mbili, benchi, na watu kumi wanaongoja zamu. Aliyefungwa anatoka, anayeingia anatoa hela yake kwa mechi moja. Usajili wa mtandao hauna kazi, mpinzani wako amekaa ubavuni mwako anakutukana ana kwa ana. Na tazama nani anapiga kelele kuliko wote: wale wasio na hela ya mechi. Mwenye banda hawafukuzi. Akiwafukuza, nani atamcheka aliyefungwa tano bila?

Simu ndiyo iliyotuingiza sisi kwenye historia hii kwa ukamilifu. Nyaya za baharini zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, simu za bei nafuu zikafuata, na Free Fire ya Garena, iliyotoka 2017, ilitengenezwa iweze kukimbia kwenye simu zisizo na nguvu. Bure, ukiacha bando. Na hapo neno bure linahitaji kukohoa kidogo, maana kila sasisho linakula data ambayo mtu angeitumia wiki nzima kuongea na jamaa zake.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Siku moja alikuja na ile heshima ya ghafla ambayo mjomba yeyote huijua.

“Mjomba, shikamoo. Naomba uniwekee almasi.”

“Marahaba. Almasi za nini? Si uliniambia gemu ni ya bure?”

“Ni ya bure, mjomba. Ila ukiingia hivi hivi, na zile nguo walizokupa, wanakuita boti.”

Nilifikiri anasema chombo cha baharini. Akanifafanulia kwa huruma: boti ni mchezaji ambaye si mtu. Kompyuta inamwendesha, anatembea kama mlevi, anauawa kirahisi. Magemu mengi ya aina hii huwachanganya na watu wa kweli ili uwanja ujae na mgeni apate wa kumshinda. Fortnite ilitangaza kuwaingiza mwaka 2019. Kwa watoto wanaoicheza gemu hiyo, vazi lake la bure limekuwa tusi darasani.

Nililisikia neno hilo usiku kucha. Kumbe watazamaji wa harusi wanaweza kutengenezwa. Mama anatunza, ukumbi unashangilia, na nusu ya waliokaa ni midoli. Nilimwekea almasi, za elfu mbili. Mama yake asisome makala haya.

Serikali zilikuja nyuma, kama kawaida. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya kulipia usiyojua yana nini ni kamari. Desemba 2022 Epic, wenye Fortnite, walikubaliana na tume ya biashara ya Marekani kulipa dola milioni 520: milioni 275 ni faini kwa kukusanya taarifa za watoto, na milioni 245 za kurudishia watu waliotozwa kwa vitufe vilivyopangwa vibaya, ambapo kugusa mara moja tu kulitosha kununua. Hata Shi Yuzhu hakuwafanya wateja wake wanunue bila kukusudia.

MUD ingali hai. CompuServe iliifunga mwishoni mwa 1999, na mtu mmoja aliyeipenda akaiandika upya iweze kuishi kwenye intaneti ya leo. Hakuna ada, hakuna matangazo, hakuna kofia. Niliingia usiku mmoja wiki iliyopita. Unajikuta umesimama kwenye barabara nyembamba, milima huku na huku. Kinamasi kiko pale pale. Niliokota kijiti, nikatembea nacho, nikaandika salamu kwa herufi kubwa, nikangoja. Hakukuwa na mtu mwingine.